Mpaka Uliozaliwa Tabora

Ukitoka Kibondo mjini kwenda Mabamba, njia inapanda na kushuka katikati ya mihogo na maharage mpaka ufike ukingoni mwa Tanzania. Ng'ambo ni Burundi, na mashamba ya kule ni kama ya huku. Mama anayepalilia upande ule anaweza kuzungumza na anayepalilia upande huu, mmoja kwa Kirundi na mwenzake kwa Kiha, wakaelewana bila mkalimani. Hakuna bahari wala safu ya milima inayowatenga. Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka hamsini sasa, mtu anayekimbizwa na risasi kutoka upande wa Ruyigi akishavuka hapo amekuwa mtu mwingine mbele ya dunia. Anaitwa mkimbizi. Ana haki ya kutofuatwa na waliokuwa wakimfukuza. Anaandikwa jina, anapewa turubai na kikombe cha mahindi, na anaambiwa akae.

Najiuliza nani aliyeufanya mpaka huu kuwa na nguvu kiasi hicho, na alikusudia nini. Kila nikilifuata swali hilo hurudi kwenye mapigano ya siku chache za Septemba 1916, yaliyopiganwa mbali na Kibondo, na mara zote hunilazimisha kupima upya maana ya kusema kwamba pigano fulani liliamua historia.

Watu wamelipenda jambo hilo kwa muda mrefu. Mwaka 1851 Mwingereza Edward Creasy alichapisha kitabu kuhusu mapigano kumi na tano yaliyoamua mambo ya dunia, akianza na Marathon ya mwaka 490 kabla ya Kristo na kumaliza na Waterloo ya mwaka 1815. Hakuna hata moja lililopiganwa katika ardhi ya Afrika. Waliomfuata waliongeza na kupunguza, na leo wengi wanakubali kwamba ushindi wa Wahabeshi dhidi ya Waitaliano kule Adwa, mwaka 1896, unastahili kuwamo. Sidai kwamba Tabora nayo iongezwe. Ninalolitilia shaka ni wazo linaloibeba orodha yenyewe, kwamba pigano huamua jinsi hakimu anavyoamua kesi: pande mbili zimefika, hukumu imesomwa, jalada limefungwa. Nchi ya Buha, yaani Kasulu, Kibondo na majirani zao, imeishi na matokeo ya mapigano kwa zaidi ya karne moja, na jalada lake halijafungwa.

Tuanze na yaliyotokea. Mwaka 1914 nchi yote kutoka Dar es Salaam hadi Gitega na Kigali ilikuwa chini ya bendera moja ya Wajerumani. Buha ilikuwa na falme zake, Heru upande wa Kasulu, Muhambwe upande wa Kibondo, Buyungu upande wa Kakonko, kila moja ikiwa na mwami wake kama walivyokuwa na mwami wao Warundi na Wanyarwanda. Aprili 1916 jeshi la Kongo ya Wabelgiji, lililoitwa Force Publique, likaingia Rwanda chini ya Jenerali Charles Tombeur. Kigali ilichukuliwa mwezi Mei, Gitega katikati ya Juni. Kutoka Gitega kikosi cha kusini, chini ya Olsen, kilishuka kuelekea ziwani, na kati ya Gitega na ziwa iko Buha. Tarehe 26 Julai Wajerumani waliizamisha wenyewe meli yao Graf von Götzen ili isiangukie mikononi mwa adui, na siku chache baadaye Kigoma ikachukuliwa. Wabelgiji wakafuata reli kwenda mashariki. Baada ya mapigano makali ya Lulanguru na Itaga, Jenerali Kurt Wahle aliwatoa askari wake Tabora usiku, na tarehe 19 Septemba Wabelgiji wakaingia mjini.

Kijeshi pigano hilo halikumaliza kitu. Wahle aliondoka na watu wake kuelekea Iringa akaungana na wenzake. Vita viliendelea miaka miwili zaidi, hadi kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, alipoweka silaha chini huko Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya bunduki kunyamaza Ulaya. Mtu anayehesabu mapigano kwa jinsi yanavyovunja jeshi la adui angeiacha Tabora pembeni.

Angalia pia walichokitaka washindi. Serikali ya Ubelgiji haikuwa na hamu kubwa ya Tabora, wala ya Gitega. Macho yake yalikuwa upande wa pili wa Afrika, kwenye mlango wa mto Kongo, ambako ukingo wa kusini ulikuwa mali ya Wareno wa Angola. Mpango ulikuwa kuikalia ardhi ya Wajerumani huku mashariki, kisha kuifanya kitu cha kubadilishana: Waingereza wapate nchi hii, Wareno walipwe na Waingereza, na Wabelgiji wapate ukingo wa mto wao. Wareno hawakukubali. Kilichobaki mezani ni mkataba wa Orts na Milner wa tarehe 30 Mei 1919, uliowapa Wabelgiji Rwanda na Urundi na kuwapa Waingereza nchi iliyobaki, ambayo ndiyo ikaja kuitwa Tanganyika.

Tabora yenyewe walikuwa wameshaikabidhi kwa Waingereza mwaka 1917. Kigoma, Ujiji na nyanda za Buha walizishika hadi Machi 1921, kisha wakaziachia nazo, wakibakiza tu maeneo ya bandari waliyopangishwa Kigoma na Dar es Salaam ili mizigo ya Kongo ipite. Kwa maneno mengine, mji uliolipatia pigano jina lake ulitoka mikononi mwa mshindi baada ya miezi, na kile alichokipigania, kilomita elfu kadhaa magharibi, hakukipata kamwe. Alichokipata ni nchi mbili za vilima ambazo hazikuwa lengo lake, na mpaka kati yake na Mwingereza. Mpaka huo ndio unaopita Mabamba.

Tuseme, basi, kwamba Tabora iliamua. Lakini iliamua jambo ambalo hakuna aliyekuwa uwanjani alilijua. Askari wa Kikongo aliyeanguka Itaga hakufa kwa ajili ya mlango wa mto Kongo, maana hakuna aliyemwambia habari zake. Askari aliyekuwa upande wa Wahle hakufa akilinda umoja wa Waha na Warundi chini ya bendera ya Kaisari. Na jenerali, aliyekuwa na ramani na simu za maandishi kutoka Ulaya, alikuwa na kusudi lililokuja kuvunjika. Nguvu ya pigano na nia ya wapiganaji zilikwenda njia mbili tofauti.

Kuna anayeweza kunijibu kwamba natia chumvi. Wajerumani wenyewe, tangu mwaka 1906, walikuwa wameitawala Rwanda na Urundi kwa namna ya pekee, kila moja ikiwa na mwakilishi wao kando ya mwami, huku Buha ikiwa chini ya wilaya ya Ujiji. Mstari ulikuwepo kabla ya Tombeur. Hoja hiyo ni ya kweli na lazima ipewe uzito wake. Lakini mstari kati ya wilaya mbili za mtawala mmoja hauna uwezo wa kumwokoa mtu. Anayekimbia kutoka Kasulu kwenda Kibondo hajatoka mikononi mwa serikali yake. Ni pale mstari ule wa ofisini ulipogeuka kuwa mpaka wa himaya mbili, na miaka ya sitini kuwa mpaka wa nchi mbili huru, ndipo ulipopata nguvu ya kumwambia mwenye bunduki kwamba mamlaka yake yanakoma hapa.

Fikiria pia jinsi jambo lenyewe lilivyokuwa jembamba. Kwa miaka mitano, kuanzia 1916 hadi 1921, Buha na Burundi zilikuwa chini ya Wabelgiji hao hao. Kama mazungumzo ya 1919 yangekwenda vingine kidogo, kama Wabelgiji wangesisitiza kubaki na Kigoma na reli inayoanzia pale, Waha wangeweza kabisa kuwa raia wa Burundi leo. Na hapo, katika miaka ya mauaji, mtu wa Ruyigi angekimbilia wapi kwa miguu?

Kwa Waha wenyewe matunda ya kwanza ya mpaka yalikuwa machungu. Chini ya Mwingereza, Kigoma ilihesabiwa kuwa nchi ya kutoa vibarua. Vijana wa Kasulu na Kibondo waliandikishwa kwa mkataba, wakaitwa manamba, wakasafirishwa hadi mashamba ya mkonge ya Tanga, upande mwingine kabisa wa nchi. Wengi walirudi wakiwa na blanketi na fedha ya kodi, wengine hawakurudi. Katika miaka ya 1930, ugonjwa wa malale uliposambaa porini, watu wa Kibondo na Kasulu walihamishwa kutoka makazi yao yaliyotawanyika na kukusanywa katika makazi makubwa ili kuwaepusha na mbung'o. Mwaka 1972 wakahamishwa tena, kwani Operesheni Kigoma ilikuwa miongoni mwa zile za mwanzo kabisa za kuwapeleka watu katika vijiji. Watu wa nyanda hizi wanajua maana ya kuambiwa na serikali ubebe mzigo wako uende unakoonyeshwa.

Mwaka huo huo wa 1972 mpaka ulianza kazi ambayo hakuna aliyeupangia. Mauaji yaliyoanza Burundi mwezi Aprili yaliwasukuma Warundi kwa makumi ya maelfu kuvuka kuingia Tanzania, na serikali ikawafungulia makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo, ikawapa mashamba. Tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa, miezi michache tu tangu achaguliwe, na safari hii mamia ya maelfu walivuka. Mtabila na Muyovosi zikajaa upande wa Kasulu. Kanembwa, Nduta, Mtendeli na Karago upande wa Kibondo. Wengi walirudi kwao baada ya Mkataba wa amani wa Arusha wa Agosti 2000 na uchaguzi uliofuata, na Mtabila ikafungwa mwaka 2012. Miaka mitatu tu ikapita. Aprili 2015 Rais Pierre Nkurunziza alitangazwa kugombea kipindi cha tatu, watu wakaanza kukimbia upya, na Nduta na Mtendeli zikafunguliwa tena.

Katika mwezi wa Mei 2015 makumi ya maelfu ya watu walikwama Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na Ziwa Tanganyika, na kipindupindu kikaanza kuwaua. Meli iliyokwenda kuwachukua na kuwaleta Kigoma, safari baada ya safari, ilikuwa MV Liemba. Hiyo ndiyo Graf von Götzen ya mwaka 1916. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikaletwa vipande vipande kwa meli na reli, ikaundwa upya Kigoma ili kulitawala ziwa kwa mzinga. Wenyewe wakaizamisha. Waingereza wakaiinua mwaka 1924 na kuirudisha majini mwaka 1927 kwa jina jipya. Chuma kile kilitumika katika vita vilivyouzaa mpaka, na miaka tisini na tisa baada ya kuzamishwa kikawa kinawavusha akina mama wa Kirundi na watoto wao kwenda kwenye usalama ambao mpaka uliuwezesha.

Mtu akisikia hayo anashawishika kusema kwamba kumbe ilikuwa na maana yake. Kwamba damu ya Tabora haikumwagika bure, kwa sababu mwishowe ilizaa kimbilio. Nalikataa wazo hilo kwa nguvu zangu zote.

Wapagazi ndio wanaolikataza. Jeshi la Wabelgiji peke yake liliwatumia zaidi ya watu laki mbili katika vita vyote. Upande wa Waingereza hesabu inafika karibu milioni moja, na waliokufa ni wengi kuliko waliouawa kwa risasi: kuhara, homa ya mapafu, njaa, uchovu. Walichukuliwa vijijini kwenye njia ya majeshi, na chakula cha waliobaki kikachukuliwa pamoja nao. Tombeur alipewa cheo cha ubaroni chenye jina la Tabora, na Brussels hadi leo ina mtaa unaoitwa Tabora. Mpagazi aliyelala kando ya njia ya Buha hana kibao. Ukimwambia kwamba kifo chake kilikuja kuwa na faida kwa mtoto wa Kirundi wa mwaka 1993, umemfanya chombo mara ya pili: mara ya kwanza wenye vita walimtumia kubeba masanduku, sasa wewe unamtumia kubeba maana. Tokeo jema la baadaye halilipi deni la wakati ule. Yanaweza kusimama yote mawili, wema uliokuja na ubaya uliotangulia, bila mmoja kumfutia mwenzake hesabu.

Na ukiukubali ushindi wenye haki, bado hutauweza mkondo wake. Tuchukue vita vyetu wenyewe. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera. Mwalimu Nyerere alilitangazia taifa vita, na vijana wa kila mkoa, wakiwemo wa Kigoma, walikwenda. Machi 1979, kule Lukaya, askari wetu waliyashinda majeshi ya Amin yakisaidiwa na Walibya, na Aprili 11 Kampala ikawa mikononi mwetu. Sijui pigano katika historia ya nchi hii lenye sababu iliyo wazi kuliko hiyo. Tulivamiwa, tukajilinda, tukamwondoa aliyekuwa akiwaua watu wake.

Sasa fuata mkondo. Pamoja na jeshi letu waliingia Uganda wapiganaji wa uhamishoni, kati yao kundi la Yoweri Museveni, na ndani ya kundi hilo kijana wa Kinyarwanda aliyekulia ukimbizini, Fred Rwigyema. Februari 1981 Museveni alianza vita vya msituni; Januari 1986 akaingia Kampala. Tarehe 1 Oktoba 1990 Rwigyema na wenzake, wakiwa wamekomaa katika vita hivyo, walivuka kuingia Rwanda, naye akauawa siku za mwanzo kabisa. Wenzake waliichukua Kigali Julai 1994, baada ya mauaji ya kimbari, na zaidi ya watu milioni moja wakakimbilia Zaire, miongoni mwao wauaji wenyewe wakiwa na silaha zao. Vita vikawafuata huko Oktoba 1996. Uvira ikaanguka, na watu wa Uvira na Fizi, ambao hawakuwa na kesi yoyote na Kigali wala Kampala, wakaingia kwenye mitumbwi na maboti wakavuka ziwa. Mwisho wa mwaka huo kambi ya Nyarugusu ilikuwa imefunguliwa kwa ajili yao. Iko Kasulu.

Kutoka Lukaya hadi Nyarugusu ni miaka kumi na saba. Sisemi Lukaya ilisababisha Nyarugusu. Katikati kuna maamuzi ya watu wengi, na kila mmoja anabeba lake. Waliopanga mauaji ya Rwanda hawawezi kujificha nyuma ya Tanzania ya mwaka 1979. Ninachosema ni kwamba tulishinda kwa haki, kwa lengo lililojulikana, na lengo likatimia, tofauti kabisa na Wabelgiji wa Tabora. Bado ushindi wetu uliingia katika mto wenye mikondo ya wengine, na sehemu ya maji yake ikazunguka ikaja kutufikia sisi wenyewe mlangoni.

Kama mwenye lengo la siri na mwenye lengo la haki wote wawili wamezidiwa na matokeo yao, basi neno kuamua linahitaji kupewa kipimo kingine. Mimi nakipendekeza hiki: pigano huwa la kuamua pale linapobadilisha maswali ambayo watu wasiozaliwa watalazimika kuyajibu. Majibu haliwezi kuyatoa. Kabla ya 1916 hakuna mkulima wa Kibondo aliyeulizwa swali la jirani yake wa Ruyigi kuwa mgeni au ndugu. Baada ya Tabora na baada ya mkataba wa 1919, kila kizazi cha Kibondo kimeulizwa swali hilo, na kila kizazi kimelijibu kivyake.

Na majibu yamekuwa tofauti kweli. Nyerere alitunukiwa Nishani ya Nansen mwaka 1983 kwa jinsi nchi ilivyowapokea wakimbizi. Mwaka 1997 jeshi liliwakusanya Warundi waliokuwa wakiishi katika vijiji vya mkoa wa Kigoma, hata waliokaa miaka mingi na kuoa huko, likawapeleka kambini, likitaja usalama wa mpaka. Mwaka 2014 zaidi ya Warundi 160,000 wa mwaka 1972 na watoto wao walipewa uraia wa Tanzania, jambo ambalo nchi chache duniani zimewahi kulifanya kwa watu wengi kiasi hicho kwa mara moja. Mapema 2017 serikali iliacha utaratibu wa kuwapokea Warundi kwa pamoja kama wakimbizi, na mwaka huo huo safari za kuwarudisha zikaanza. Hayo yote yamefanyika juu ya mpaka ule ule. Kama pigano lingekuwa limeamua mambo kama wanavyodai wenye orodha, tungekuwa na jibu moja.

Wenyeji wana mengi ya kusema hapa, na si haki kuwaandikia sifa tupu. Kambi yenye watu zaidi ya laki moja hula msitu. Kuni zinakwisha, akina mama wa pande zote wanazifuata mbali, na porini wamekutana na ubakaji. Nyakati za vita vya Burundi bunduki ziliuzwa, magari yakatekwa katika barabara za Kibondo na Kasulu, na baba wa familia hakujua anayepita shambani kwake usiku ni nani. Upande mwingine, mihogo na maharage ya mkulima yalipata mnunuzi, visima na zahanati vilichimbwa na kujengwa, na ndoa zilifungwa. Anayesema wakimbizi ni baraka tupu na anayesema ni mzigo mtupu wote wawili hawajakaa Makere, jirani na kambi ya Nyarugusu, wala Mabamba.

Wazee wetu walituachia kanuni: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa kawaida tunaisema kumhimiza mgeni asijibweteke. Lakini ina upande wa pili, ulio wajibu wa mwenyeji, kwani jembe linatolewa na mwenye shamba. Kumpa mgeni jembe ni kukubali kwamba amehesabiwa miongoni mwa watu wa kazi, kwamba mikono yake inahitajika, kwamba atakula jasho lake. Kwa Warundi wa mwaka 1972 tuliifuata kanuni hiyo. Waliopewa ardhi Katumba na Mishamo walilima tumbaku na mahindi, wakajitegemea, wakauza, wakalipa kodi. Kwa waliokuja baadaye tuliiacha. Sheria ya wakimbizi ya mwaka 1998 inamtaka mtu akae katika eneo alilopangiwa na asitoke bila kibali. Mtoto aliyezaliwa Nyarugusu mwaka 1997 sasa ni mtu mzima mwenye watoto wake, na maisha yake yote amekula mgao unaopunguzwa kila wafadhili wanapopunguza fedha, akitazama ng'ambo ya uzio ardhi asiyoruhusiwa kuilima. Siku ya tatu imepita zamani sana, na jembe halijatolewa.

Najua sababu za sheria hiyo; nimezitaja. Najua pia kwamba Kibondo haikuombwa ridhaa ilipogeuzwa kuwa kimbilio la maziwa makuu, na kwamba mataifa tajiri yenye sauti kubwa kuhusu ubinadamu yamepokea watu wachache na kutoa kidogo. Madai ya wenyeji wa Kigoma kwa dunia ni ya haki. Lakini lawama kwa dunia haimwondolei mtu wajibu ulio mikononi mwake, kama vile ubaya wa Tabora haukuuondolea mpaka uwezo wa kuokoa.

Hapo ndipo ninapoiona thamani ya kuyafikiria mapigano ya zamani. Wengi huyasoma ili kujua nguvu zinazotuzidi, wakihitimisha kwamba historia imeshapangwa na majenerali na waliotia sahihi mikataba, na mtu wa Kasulu kazi yake ni kupokea. Nikiyasoma nikiwa nimesimama Buha naona kinyume. Majenerali hawakujua walichokuwa wakikifanya. Tombeur alitaka mto akapata vilima. Hakuna aliyeketi Paris mwaka 1919 kuujadili mkataba aliyemfikiria mwanamke wa Ruyigi anayevuka usiku na mtoto mgongoni. Aliyempokea hakuwa mkataba. Alikuwa mtu wa Mabamba aliyemfungulia mlango kabla ya serikali wala shirika lolote kufika, akamwelewa lugha yake, akampa maji.

Kama wenye majeshi wameshindwa kuamua maana ya ushindi wao, basi maana hiyo imeachwa wazi, na kuachwa wazi maana yake ni kwamba tunawajibika. Mpaka wa Mabamba unaweza kuwa mahali mauaji yanapokoma, na unaweza kuwa mahali maisha ya mtu yanaposimamishwa kwa miaka thelathini. Kwa sasa ni vyote viwili. Lipi litashinda halitaamuliwa kwa bunduki. Litaamuliwa Dodoma, sheria ya 1998 itakapoletwa mbele ya Bunge kutazamwa upya. Litaamuliwa katika ofisi inayogonga muhuri wa kibali, katika baraza la kijiji linalozungumzia msitu na malisho, na katika shamba ambalo mwenye jembe la ziada anajiuliza kama atalitoa. Tunayo haki ya kuwalaumu wakoloni kwa kuuchora mstari huu. Kwa namna tunavyoutumia, hatuwezi kumsingizia Tombeur.